Chuo Kimekua, Barabara Ni Ile Ile

Mwezi uliopita niliwaahidi kwamba katika toleo hili tutaendelea na habari ya kisukari, hasa utunzaji wa miguu. Naomba mnisamehe. Habari ile nimekwisha kuiandika nayo itatoka mwezi ujao. Mwezi huu nataka tuzungumze juu ya miguu ya namna nyingine, yaani ile inayoletwa wodini kwetu ikiwa imevunjwa barabarani.

Jumatatu moja ya mwezi uliopita, saa moja kasoro robo asubuhi, nilikuwa najiandaa kukabidhi zamu ya usiku. Wakaingia vijana wawili wamembeba mtoto wa darasa la pili. Mmoja alimshika makwapani, mwingine miguuni, na katikati mtoto ananing'inia kama gunia. Mfupa wa muundi wa kulia ulikuwa umevunjika na ncha yake imetoboa ngozi. Aliyemgonga ni bodaboda aliyepakia wanafunzi wawili wa chuo cha jirani, upakiaji ule ambao watu huuita mshikaki. Walikuwa wanawahi mtihani. Mwanafunzi mmoja alikuja nyuma kwa miguu, viganja vyake vimechubuka. Alikaa kwenye benchi la mapokezi analia, na kila nilipopita aliniuliza, "Mama, mtoto atapona?" Mtihani wake alikwisha kuukosa. Dereva hakuonekana.

Mtoto yu hai. Mpaka ninapoandika maneno haya bado yumo wodini, kwa sababu mfupa uliotoboa ngozi si sawa na mfupa uliovunjika ndani kwa ndani. Uchafu wa barabarani huingia, na usaha ukifika kwenye mfupa mgonjwa anaweza kuhangaika nao kwa miaka. Amepelekwa chumba cha upasuaji mara mbili kuoshwa jeraha, amepata sindano ya pepopunda na dawa za kuua vijidudu. Mama yake hukaanga maandazi pale kituoni. Tangu siku ile jiko lake limezimwa, maana ndiye anayemuuguza, na mdogo wake amepelekwa kwa bibi. Ukitaka kujua ajali ile imeigharimu nini familia, usihesabu bili ya hospitali peke yake.

Sikuyaandika haya ili tumlaani dereva. Angekuwa dereva mmoja ningemwachia polisi. Lakini mimi niliyeletwa katika hospitali hii mwaka 1996 nimeona jambo likijengeka kidogo kidogo, kama shinikizo la damu, ambalo mtu hulibeba muda mrefu bila kuumwa mpaka siku anapoanguka.

Wale wa umri wangu mnakumbuka barabara yetu ilivyokuwa. Ilikuwa njia ya vumbi katikati ya mashamba ya mahindi na miembe. Gari likipita, watoto walitoka kutazama limembeba nani. Kisha kikaja chuo. Kilianza na majengo mawili na mabweni yake yenyewe. Mwanafunzi alilala, alikula na kusoma ndani ya uzio. Hatukuwa peke yetu. Tangu katikati ya miaka ya 1990, Serikali iliporuhusu vyuo vikuu visivyo vyake, na baadaye ilipoundwa Bodi ya Mikopo kwa sheria ya mwaka 2004, vijana wengi ambao zamani wangeishia kidato cha sita walipata nafasi ya kusoma. Ni jambo jema, na sitaki msomaji adhani nalilaumu. Mwanangu wa pili amesoma kwa mkopo huo. Lakini wanafunzi waliongezeka upesi kuliko mabweni, nao wakatoka nje ya uzio kutafuta vyumba kwetu.

Kwa hiyo, tukitaka kuelewa msongamano wetu, tusitazame maegesho ya chuo. Wanafunzi wengi hawana magari. Chuo huleta watu, na watu ndio huvuta vyombo. Kila mwenye chumba mtaani huenda na kurudi kila siku, na akichelewa hupanda bodaboda. Nyuma yake huja bajaji, pikipiki za kubebea chakula na mitungi ya gesi, magari ya maji, malori ya mchanga na mawe kwa ajili ya nyumba mpya za kupangisha. Navyo haviji kwa mtiririko wa siku nzima. Huja kama mawimbi: kabla ya kipindi cha kwanza, saa za kutoka, wiki ya kufungua chuo, wiki za mitihani, na siku ya mahafali ambapo hata gari la wagonjwa halipati pa kupita. Wimbi la asubuhi ndilo baya kuliko yote kwa sababu hukutana barabarani na watoto wetu wa shule ya msingi.

Kisha tukapata lami. Tuliishangilia, nami nilishangilia, kwa maana kabla ya hapo kila kiangazi watoto wenye pumu walikuwa wageni wangu wa kudumu. Vikohozi vya vumbi vimepungua sana, hilo naliona kwa macho. Lakini ilikuja lami tupu, bila njia ya waendao kwa miguu na bila tuta hata moja mbele ya shule. Mashimo yaliyokuwa yakimzuia dereva yakaondoka. Wodi ya watoto ikapumua, wodi ya mifupa ikajaa.

Ndugu msomaji, tukae kidogo kwenye habari ya mwendo, kwa sababu hapa ndipo wengi hudanganyika. Sheria yetu ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 inaweka kikomo cha kilomita 50 kwa saa mahali pa makazi, na dereva akisema, "Nilikuwa hamsini tu," tunamwona muungwana. Sasa tupige hesabu. Chombo chenye mwendo huo hupita karibu mita 14 kila sekunde. Sekunde moja ndio muda anaohitaji dereva mzima, asiyelewa na asiyetazama simu, ili aone, atambue na kukanyaga breki. Mtoto akijitokeza ghafla mita 13 mbele yake, mwenye mwendo wa kilomita 30 anaweza kusimama akiwa amemkaribia kabisa. Mwenye 50 humfikia mtoto kabla breki haijaanza kushika. Yaani humgonga kwa mwendo ule ule wa 50. Tofauti inaonekana ndogo kwenye saa ya gari, lakini kwetu hospitalini ni tofauti ya mtoto aliyeshtuka na mtoto aliyepasuka kichwa. Ndiyo maana mkutano wa mawaziri uliofanyika Stockholm, Februari 2020, uliazimia kwamba mahali ambapo watu wa miguu wanachanganyika na magari mara kwa mara mwendo usizidi kilomita 30. Shirika la Afya Duniani linasema ajali za barabarani ziliua watu wapatao milioni 1.19 duniani mwaka 2021, na ndizo zinazoongoza kwa kuua watoto na vijana wa miaka 5 hadi 29. Tazameni umri huo. Ndio wa mtoto wa darasa la pili, na ndio wa mwanafunzi wa chuo.

Majeraha mengine hayatangazwi. Wasichana wa chuo huja na kidonda cha moto kwenye shavu la mguu, kwa kawaida wa kulia, waliposhuka upande wa bomba la moshi la pikipiki. Wengi hupaka dawa ya meno kwanza, halafu huja kwetu siku ya nne kidonda kimeoza. Wazee wanaokaa karibu na kijiwe hunilalamikia usingizi kwa sababu ya honi za usiku, nami huwapima na kukuta shinikizo limepanda ingawa dawa wanameza. Siwezi kuapa kwamba ni honi. Ila najua mtu asiyelala hapati nafuu.

Na kwa kuwa huu ni ukurasa wa afya, niseme neno juu ya vile vijana wawili walivyombeba mtoto, ingawa nawashukuru kwa moyo wao. Aliyegongwa asinyanyuliwe kwa makwapa na miguu. Akivuja damu, kandamizeni jeraha kwa kitambaa safi, kwa mfano khanga iliyofuliwa, bila kuachia. Mfupa uliotokeza msiusukume ndani wala msiuoshe, ufunikeni. Mguu uliovunjika ufungwe pamoja na ule mzima, au kwenye ubao. Mgonjwa alazwe juu ya mlango au ubao mpana, mtu mmoja akishika kichwa kisigeuke, kwa sababu uti wa mgongo wa shingo ukikatika hatuna la kuurudisha. Msimpe chai wala maji, huenda akahitaji dawa ya usingizi. Na msimpandishe katikati kwenye pikipiki. Fomu ya polisi, ile PF3, itafuatwa na ndugu mmoja. Mgonjwa wa dharura aje kwanza.

Nini kifanyike?

Katika mtaa wetu nimesikia mawazo matatu. La kwanza, barabara ipanuliwe. Sikubaliani nalo. Barabara pana bila matuta ni mwendo zaidi, na mtoto atakuwa na lami pana zaidi ya kuvuka. La pili, bodaboda wafukuzwe. Hilo nalo silikubali. Mama mwenye uchungu wa kuzaa saa nane za usiku huletwa na nani kwangu? Ni hao hao. Na wengi wao ni watoto wetu wenyewe. La tatu vijana walilitekeleza bila kusubiri mtu: siku mbili baada ya ajali walijenga tuta lao kwa udongo na magogo. Nawaelewa hasira yao. Lakini tuta lisilo na alama usiku ni mtego, na mzee mmoja mwenye baiskeli alilikuta kwa kifua. Nilimshona mimi mwenyewe nyuzi sita juu ya jicho.

Yako mengine yaliyokwisha kufanyika mahali pengine. Huko Marekani, Chuo Kikuu cha Stanford kilipotaka kuongeza majengo, Kaunti ya Santa Clara ilikipa kibali mwaka 2000 pamoja na sharti: jengeni, lakini katika saa za msongamano, asubuhi na jioni, safari za magari ya kwenda na kutoka kazini zisizidi zile zilizohesabiwa mwanzoni, zikizidi, chuo kigharimie kupunguza athari zake. Kila mwaka magari yalihesabiwa malangoni. Chuo chenyewe kikalazimika kutafuta njia, yaani mabasi ya bure, nyumba ndani ya eneo lake, baiskeli, na ada kwa anayeegesha gari. Wale ni matajiri, mtasema. Ni kweli. Lakini kuhesabu hakuhitaji utajiri, wala kumwambia anayejenga kwamba watu atakaowaleta barabarani ni sehemu ya jengo lake.

Hapa kwetu, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianza mwaka 1961 katika jengo la TANU mtaa wa Lumumba, kikahamia Mlimani mwaka 1964, wakati Mlimani kulikuwa nje ya mji. Leo mji umekizunguka pande zote, na wanafunzi wake wamepanga Sinza, Msewe, Changanyikeni na kwingineko. Mwaka 2017 yalifunguliwa pale mabweni mapya ya kulaza wanafunzi 3,840. Watu waliyatazama kama habari ya malazi. Mimi nayatazama pia kama habari ya barabara, kwa kuwa mwanafunzi anayelala ndani ya chuo hana haja ya kukimbizana na kipindi cha asubuhi juu ya pikipiki. Na katika jiji hilo hilo shirika la Amend lilipita kwenye shule za msingi kutazama watoto wanagongwa wapi, kisha likaweka njia za miguu, matuta, vivuko na nguzo za kuzuia magari. Pengine lilihamisha tu lango la shule kutoka upande wa barabara yenye magari mengi. Mpango huo, uitwao SARSAI, ulipewa tuzo ya miji ya taasisi ya WRI mwaka 2019. Ni vitu vya saruji, rangi na akili.

Sasa nasema maoni yangu, na uongozi wa chuo usinichukie. Upande wa nyuma wa chuo kuna lango dogo ambalo hufungwa kwa kufuli mwaka mzima. Sababu inayotolewa ni wizi. Matokeo yake, mwanafunzi aliyepanga nyuma ya chuo, ambaye angefika darasani kwa dakika kumi, huzunguka kwa barabara yetu mpaka lango kuu, nao ni mwendo wa zaidi ya nusu saa. Atapanda nini kama si bodaboda? Lango lile likifunguliwa kwa waendao kwa miguu, likawekewa mlinzi mmoja, tutaondoa barabarani safari nyingi bila kumfukuza mtu. Jambo la pili ni saa. Mtihani wa asubuhi ukisogezwa kwa saa moja tu, wimbi la chuo litapita watoto wakiwa tayari darasani. Kusogeza saa hakuna gharama zaidi ya kikao. Magari ya ujenzi nayo yapangiwe saa ambazo watoto hawapo njiani.

Kwa upande wa matuta na alama za mwendo, hizo ni barabara za mitaa na mwenyewe ni TARURA, wakala iliyoanzishwa mwaka 2017. Barua hupitia serikali ya mtaa. Nashauri kila jumuiya iliyo kando ya barabara ichague asubuhi moja ya shule, wakae watu wawili na daftari kuanzia saa kumi na mbili na nusu mpaka saa mbili, waandike pikipiki ngapi, mishikaki mingapi, malori mangapi, na watoto wangapi waliopita wakikanyaga lami. Kiongozi anaweza kubishana na malalamiko, lakini daftari lenye tarehe humpa kazi. Sisi wa hospitali tutaambatanisha idadi ya majeruhi tuliowapokea kutoka kipande kile, bila kutaja majina.

Nimefika penye ugumu. Jioni ya siku ile ya ajali nilipita mahali pale nikielekea nyumbani, nikasimama kutazama. Nilijiuliza kwa nini mtoto alikuwa juu ya lami wakati upande ule zamani palikuwa na njia ya miguu, ile tuliyopita sote kwenda misa. Njia haipo. Kuna ukuta, kisha ukuta, kisha kibanda cha chipsi, kisha rundo la matofali, kisha ukuta tena. Mtoto akifika pale hana pa kukanyaga ila lami. Na ukuta wa pili katika safu ile ni wangu.

Mwaka 2011 nilijenga vyumba vitatu vya kupangisha wanafunzi. Nilihitaji fedha za ada, sitaficha. Fundi aliniambia tukisogeza ukuta hatua moja na nusu mbele tutapata choo cha ndani, na chumba chenye choo cha ndani kodi yake ni nzuri. Nikakubali. Hakuna aliyenizuia, na jirani alipoona nimesogea, naye akasogea. Miaka yote hiyo nimewafundisha akina mama kliniki juu ya usalama wa watoto, kumbe njia yao nimeijengea choo.

Sisi wenye nyumba za kupangisha tumezoea kusema chuo kimetuletea shida. Kimetuletea pia kodi, wateja wa maandazi, wa genge na wa cherehani. Hatuwezi kuchukua fedha ya mwanafunzi mwisho wa mwezi na kukana safari yake ya asubuhi. Kabla ya kwenda kudai lango lifunguliwe na saa zibadilishwe, ingefaa twende tukiwa tumerudisha kile tulichokimega, hata kama ni hatua moja. Njia ya miguu iliyokatika mahali pamoja haimsaidii mtoto. Itambidi ashuke kwenye lami pale pale ilipokatika. Kwa hiyo nyumba kumi zikirudi na ya kumi na moja ikagoma, tumefanya kazi bure. Najua wapo watakaosema wana hati, na wengine wana hati kweli. Hao watazungumza na afisa ardhi, tukiwa na kamba ya kupimia mkononi. Wenye vibanda nao watafutiwe pa kwenda kabla ya kuondolewa, maana wengi ni wajane na wanategemea meza zile.

Mwenyekiti wa mtaa ameitisha kikao Jumamosi ya pili ya mwezi, saa nne asubuhi, uwanja wa shule ya msingi. Chuo kimejibu kwamba kitatuma mwakilishi. Madereva wa bodaboda wa vijiwe vyote viwili wameitwa, na nimeomba wasikalishwe nyuma.

Kwangu fundi alikuja juzi kupima. Anasema kuvunja na kujenga upya ni kazi ya siku nne, choo kitahamia nyuma, na mpera ulioko pembeni itabidi ukatwe. Mpangaji wa chumba cha mwisho nimempunguzia kodi ya miezi miwili kwa usumbufu. Ameniuliza kama anaweza kumsaidia fundi kubeba matofali Jumamosi, baada ya kikao.